Leseni ya TV Uingereza: una nyumba mbili, familia huku na kazi kule. Je, unalipia mara mbili?

#1 Fundi Lifti (mleta uzi)

Habari za jioni ndugu zangu. Uzi huu nimeuahirisha mara mbili kwa aibu. Lakini wiki iliyopita kazini nimekutana na kijana wa Kigoma anayefanya kosa lile lile nililolifanya mimi, nikaona nikinyamaza nitakuwa namwacha mtu atumbukie kwenye shimo ninalolijua.

Familia yangu iko Leicester. Mimi ni fundi wa lifti na kandarasi yetu iko Leeds. Jumatatu alfajiri naondoka, Alhamisi usiku narudi kwa watoto. Leeds nimepanga chumba kimoja, jiko na kitanda humo humo, na mwenye nyumba aliacha TV ukutani. Leicester tunalipa kila mwezi leseni ya TV, ile ada ya kuruhusiwa kutazama TV ambayo ndiyo inaigharimia BBC, na jina lililoandikwa ni langu. Siku ya kuchukua funguo nilimuuliza wakala wa nyumba habari ya leseni. Akanijibu bila kuinua macho: "Si unayo ya nyumbani? Hiyo inatosha." Nikaridhika. Nikafungua BBC iPlayer, ile huduma ya kutazama vipindi vya BBC kwa intaneti, kwa akaunti yangu, ikaniuliza kama nina leseni, nikabonyeza ndiyo. Wallahi sikuwa nadanganya, niliamini ninayo.

Zikaanza barua. Hazina jina, zimeandikiwa "mkaaji halali" wa anwani ile. Nikadhani ni za mpangaji aliyepita, nikazirundika juu ya friji. Jioni moja ya Novemba mlango ukagongwa. Afisa wa leseni, mtu mpole tu, kitambulisho shingoni, na nyuma yangu TV inaonyesha mpira mubashara. Nikamweleza kwamba nina leseni, nikamtolea na namba yake kwenye simu. Akaitazama, akaniambia: "Hii ni ya nyumba ya Leicester. Hapa hakuna leseni." Akaandika maelezo yangu, nikasaini. Usiku ule ule nilinunua leseni ya Leeds, na usingizi haukuja. Baada ya wiki kadhaa ikafika barua kwamba kwa kuwa ni mara ya kwanza na nimeshalipa, hawatanifikisha mahakamani.

Adhabu ya juu ya kosa hili ni faini ya pauni 1,000, na gharama za kesi zinakuja juu yake. Wengi wetu tuna maombi ya uraia mezani. Hakuna anayetaka jina lake lisomwe mahakamani kwa sababu ya mpira wa Jumanne.

Baada ya hapo nilikaa chini nikazisoma kanuni zenyewe. Kuna sheria ya mawasiliano ya mwaka 2003, na kanuni za leseni za mwaka 2004 zilizokuja chini yake. Niliyoyaelewa ni haya.

Sisi tumekulia kwenye king'amuzi. Ukihama Tanga kwenda Moshi unabeba king'amuzi chako kwenye begi na kifurushi kinakufuata. Kikiisha unakatiwa, basi, hakuna anayekudai. Leseni ya huku haiko hivyo. Haikatwi wala haiwashwi, picha itaonekana tu hata usipolipa. Na haiko juu ya mtu wala juu ya TV. Iko juu ya ANWANI. Nyumba ya Leicester ikishakuwa na leseni, yeyote aliye ndani yake anatazama kwa amani, TV ziwe moja au kumi, hata mgeni aliyekuja na laptopu yake. Lakini mimi mwenye jina nikitoka nje ya mlango ule na kuingia nyumba nyingine ninayokaa, leseni imebaki nyuma.

Unaihitaji kwa mambo mawili. La kwanza ni kutazama au kurekodi matangazo ya TV yanayokwenda hewani wakati huo huo, chaneli yoyote, kwa kifaa chochote, iwe kwa antena, kwa dishi au kwa intaneti. Kama Sky au Amazon Prime Video unailipia, hilo halikuondolei leseni, kwa sababu hiyo ni fedha nyingine kabisa. La pili ni BBC iPlayer, na hapo hata kipindi cha juzi kinahesabika. Hilo la iPlayer lilianza tarehe 1 Septemba 2016. Kabla ya hapo ulikuwa unaweza kutazama vya nyuma bila leseni, na ndiyo maana wenyeji wa zamani bado wanawaambia watu kwamba vya kurudia ni bure.

Netflix ukichagua filamu yako, ITVX au Channel 4 kwa vipindi vilivyokwishapita, video za kawaida za YouTube, DVD, redio: hivyo havihitaji leseni.

Sasa nyumba ya pili. Kanuni inasema ukiwa na leseni nyumbani kwako, wewe na mnaoishi pamoja mnaruhusiwa kutazama popote pengine kwa kifaa kinachoendeshwa na betri zake zenyewe za ndani tu, kisichochomekwa kwenye umeme wala kwenye antena. Simu mkononi, haina waya: halali, leseni ya Leicester inakulinda ukiwa Leeds, ukiwa kwenye treni, ukiwa umekaa bustanini. Simu hiyo hiyo ukiichomeka kwenye soketi ya chumba cha Leeds huku mechi inaendelea: umetoka nje ya ulinzi. Nilisoma sentensi hiyo mara nne. Tofauti ya kuwa mtu mwema na kuwa mkosaji ni waya wa chaji.

Na TV ya ukutani haina betri. Hata ukiitumia kwa intaneti tu, bila antena, inakula umeme wa soketi, kwa hiyo anwani ile inataka leseni yake.

Gharama: kuanzia 1 Aprili 2025 leseni ya TV ya rangi ilikuwa pauni 174.50 kwa mwaka. Nyumba mbili zilikuwa pauni 349. Hakuna punguzo la nyumba ya pili, na hata kama Leicester hakuna mtu mwaka mzima, haikusaidii Leeds.

Mwenye swali aulize, nitakalolijua nitajibu. Mwenye kujua zaidi anisahihishe, sitachukia.

#2 Dada Nesi

Kaka Fundi, Mungu akubariki. Nimesoma nimesimama, chai imepoa.

Mimi niko Birmingham na mume wangu, leseni tunayo. Wikiendi mbili kwa mwezi nafanya zamu Bristol, nimepanga chumba huko. Sina TV yangu, kuna ya mwenye nyumba. Ninachofanya ni kufungua iPlayer kwenye simu kisha naitupia picha kwenye TV ili nione vizuri, macho yangu si ya zamani. Simu yenyewe haiko kwenye chaji. Hapo nimesalimika au sijasalimika?

#3 Fundi Lifti

Dada Nesi, hujasalimika dada yangu. Simu iko sawa, lakini kinachoonyesha na kupokea ni TV, na TV iko kwenye umeme. Ukitaka kubaki chini ya leseni ya Birmingham, tazama kwenye simu yenyewe au kwenye tableti isiyochomekwa. Chaji kwanza, kaa baadaye.

Ila nikuulize kitu kinachoweza kukuokoa: hicho chumba umepanga kwa mkataba wako peke yako, au nyumba nzima mmepanga kwa mkataba mmoja wa pamoja? Na kuna mtu mwingine mle mwenye leseni?

#4 Dada Nesi

Mkataba mmoja, majina manne. Wenzangu watatu wanaishi pale moja kwa moja. Kuhusu leseni sijawahi kuwauliza.

#5 Fundi Lifti

Waulize leo. Mkiwa kwenye mkataba mmoja wa pamoja, kwa kawaida leseni moja inafunika nyumba nzima, vyumba vyote. Kama mmoja wao anayo kwa anwani ile, wewe upo ndani, tupia picha ukutani utakavyo. Kama hamna, changeni, ni robo ya ada kila mmoja kwa mwaka.

Ingekuwa kila mtu ana mkataba wake wa chumba chake, na kufuli lake mlangoni, hapo kila chumba kinahesabika anwani yake na kila mmoja anahitaji leseni yake. Wanaokaa kwenye majumba ya vyumba vingi walisome hili mara mbili, maana ndipo watu wetu wengi wanapoanzia maisha huku.

#6 Mwana wa Likoni

Salaam aleikum. Mimi niko Reading, na wikendi nakaa kwa nyumba ya kaka yangu Swindon, yeye yuko Doha kazini, mimi naiangalia tu isikae tupu. BBC siitazami hata dakika. Natazama habari za saa tatu za Citizen kwa YouTube zikiwa laivu, na ile CHAN ya Agosti 2025 nilitazama mechi za Kasarani zote kwa TV kubwa ya kaka. Mambo ya Nairobi na leseni ya Waingereza yanahusiana vipi jamani? Mimi naona hii ni dhuluma. Nilipie BBC ili nione Harambee Stars?

#7 Fundi Lifti

Waaleikum salaam Mwana wa Likoni. Swali lako nililiuliza mimi mwenyewe kwa habari za ITV ya Mikocheni, si ITV ya London.

Kinachoangaliwa ni wewe uliko wakati unatazama. Chaneli inaweza kuwa inatoka popote duniani. Kama ni matangazo ya TV yanayoonekana hewani muda huo huo, na wewe uko ndani ya Uingereza, leseni inahitajika, yawe yametoka Nairobi, Dar, Muscat au Istanbul. YouTube ni bomba tu la kupitishia. Taarifa ya habari ya Citizen ikiwa laivu ni TV. Ukisubiri waipandishe baada ya nusu saa kama video ya kawaida, ukaitazama hapo, si TV tena na huhitaji chochote. Vilevile mtu binafsi akijirusha laivu kutoka chumbani kwake akiongea na wafuasi wake, hayo si matangazo ya TV.

Kwa hiyo Reading una leseni? Kama unayo, Swindon tazama kwa simu isiyochomekwa. TV kubwa ya kaka inataka leseni ya Swindon.

Kuhusu dhuluma, sitakubishia kwa nguvu, mimi mwenyewe nina kinyongo na sheria inayomtoza mara mbili mtu ambaye ana macho mawili tu. Lakini kuna jambo moja nilitaka tuliangalie kama Waswahili. Idhaa ya Kiswahili ya BBC ilianza tarehe 27 Juni 1957. Baba yangu Pangani alikuwa akiizima redio ya betri mchana kutwa ili jioni zipatikane nguvu za kusikia Dira ya Dunia. Miaka yote ile fedha ilikuwa ya serikali ya Uingereza. Kuanzia Aprili 2014 mzigo wa idhaa za dunia ulihamishiwa kwenye ada ya leseni, ingawa baadaye serikali ilirudi kuchangia sehemu. Maana yake kipande kidogo cha ada unayolipa Reading kinakwenda kumlipa mtangazaji anayesema Kiswahili na mama yako anamsikia Likoni. Sikuambii kwamba hiyo inafanya ada iwe nyepesi. Nilipolijua tu, hasira yangu ilipungua.

#8 Mwana wa Likoni

Hilo la 2014 sikulijua kabisa. Babu yangu pia alikuwa na ile redio, na tulikuwa hatupiti mbele yake saa ya habari. Sawa, nimekuelewa. Reading leseni ninayo. Bado naona mbili ni nyingi.

#9 Jirani Mwema

Nyie mnajisumbua. Hawa watu hawana uwezo wa kuingia nyumbani kwako. Usifungue mlango, usijibu barua, imekwisha. Mimi miaka sita sasa.

#10 Fundi Lifti

Jirani Mwema, nusu ya ulilosema ni kweli na ni haki watu waijue: afisa hana ruhusa ya kuingia bila wewe kumkubalia, ila akiwa na hati ya upekuzi iliyotolewa na mahakama. Unaweza kumwambia kwa adabu kwamba hutaki aingie, na atatakiwa kuondoka. Wenye hofu ya kila anayevaa kitambulisho, na wengi tumekuja huku na hofu hiyo, walijue hilo.

Lakini mlango kufungwa haubadilishi sheria iliyo nyuma yake. Mimi nina watoto. Sitaki kuwafundisha kunyamaza kimya sebuleni kila kengele ikilia. Kama hutazami vya kuhitaji leseni, kuna njia ya wazi: unatamka rasmi kwenye tovuti ya watu wa leseni kwamba anwani hii haihitaji leseni, barua zinapungua kwa muda mrefu. Wanaweza kuja kuhakiki, unawaonyesha au unakataa, lakini unalala.

#11 Mzee wa Karavani

Shikamooni wakubwa, na walio wadogo hamjambo. Nimeishi nchi hii tangu nikiwa kijana, sasa nimestaafu. Nataka kuongeza pembe moja ambayo Fundi hakuigusa.

Sisi na mke wangu tuna karavani kule pwani ya Skegness, ile isiyohama, imewekwa kwenye matofali, ina jiko na TV. Hapo kanuni ni nyingine. Kwa karavani isiyohama, leseni ya nyumbani inakufunika hata TV ikiwa kwenye umeme, kwa sharti kwamba nyumbani na kwenye karavani pasitazamwe TV kwa wakati mmoja. Kuna fomu ya kutamka hivyo. Kwa hiyo mjukuu wetu anapobaki nyumbani Northampton akitazama mpira, sisi Skegness tunazima, tunatembea ufukweni. Karavani ya kuvuta kwa gari, ile ya safari, haina hata sharti hilo.

Lakini mtu akijenga nyumba ya matofali pale pale Skegness, hatua ishirini kutoka kwetu, analipa leseni kamili, hata kama anakuja wiki mbili tu kwa mwaka. Sijawahi kuelezwa kwa nini magurudumu yana heshima kuliko msingi. Ila ndivyo ilivyo, na mwenye kufikiria nyumba ya mapumziko alitie kwenye hesabu zake.

#12 Fundi Lifti

Marahaba, na shikamoo mzee wangu. Hili sikulijua kwa undani hivyo. Asante sana. Na wewe umeshapita miaka 75? Maana nasikia watu wanadhani wakifika umri huo ni bure moja kwa moja.

#13 Mzee wa Karavani

Bado miwili, inshallah. Lakini nimeshaulizia. Ilikuwa bure kwa kila aliyefika 75, ikakoma mwisho wa Julai 2020. Tangu tarehe 1 Agosti 2020 ni bure kwa aliyefika 75 na anayepokea ile nyongeza ya pensheni ya wenye kipato kidogo, au mwenzi wake anayeishi naye anaipokea. Tena ni ya nyumba unayoishi, si ya nyumba ya pili. Wapo wazee wetu wenye haki ya nyongeza hiyo ambao hawajaiomba kwa sababu fomu ni ndefu na Kiingereza chake ni kizito. Watoto wao wasaidieni. Leseni ni faida ndogo ndani yake, nyongeza yenyewe ndiyo kubwa.

#14 Hamburg Bandarini

Wakuu, naingilia kutoka Ujerumani kwa sababu jambo hili kwetu limekwenda hadi mahakama ya katiba.

Huku tangu 2013 hawaulizi una TV au huna. Kila nyumba inalipa, sasa ni yuro 18.36 kwa mwezi, hata kama ndani kuna kitanda na biblia tu. Mwanzoni mwenye nyumba mbili alilipa mbili. Watu wakashitaki. Tarehe 18 Julai 2018 mahakama ya katiba ikasema: kulipa kwa kila nyumba ni sawa, lakini mtu yule yule kulipa kwa nyumba ya pili si haki, kwa sababu faida ya kusikiliza na kutazama ameshailipia, hawezi kuipata mara mbili. Mimi nafanya kazi Bremen na familia iko Hamburg, kwa hiyo nilinufaika. Mwanzo ilikuwa lazima mlipaji wa nyumba zote mbili awe mtu mmoja. Tangu Juni 2020 hata kama ya kwanza inalipwa na mke na ya pili na mume, ya pili inasamehewa.

Tahadhari kwa walio Ujerumani: haiji yenyewe. Lazima uombe, na nyumba zote mbili ziwe zimeandikishwa manispaa. Usipoomba, wanaendelea kukata.

#15 Fundi Lifti

Hamburg, hoja ya mahakama yenu ndiyo niliyokuwa nayo kifuani na nilikuwa sijui kuisema. Nikiwa Leeds siko Leicester. Lakini Leicester wamo mke na watoto wanatazama, na hapo ndipo Mwingereza atakapokuambia kwamba nyumba mbili kweli zinatumika. Nadhani jibu la haki lingekuwa kwa mtu anayekaa peke yake kwenye nyumba ya kazi, kama walivyomfanyia mwenye karavani. Hati ya kifalme inayoiendesha BBC inafika mwisho 31 Desemba 2027, na namna ya kuigharimia ni sehemu ya mjadala wa kuandika nyingine. Mwenye mbunge wake amwandikie. Mimi nimeshaandika, ukurasa mmoja, nimeeleza habari ya waya wa chaji.

#16 Kijana wa Chuo

Shikamooni. Nasoma Sheffield, mwaka wa pili. Wazazi wako Milton Keynes na wana leseni. Nilimsikia jamaa anasema wanafunzi wanafunikwa na leseni ya wazazi moja kwa moja. Ni kweli?

#17 Fundi Lifti

Marahaba kijana. Si moja kwa moja. Ni kanuni ile ile ya betri, na anwani yako ya nje ya muhula iwe hiyo ya wazazi yenye leseni. Laptopu au simu, bila waya, unatazama. Ukichomeka, chumba chako kinahitaji leseni yake. Leseni ya chuo kwa kawaida inafunika sebule ya pamoja tu, haiingii vyumbani.

Ukinunua yako kisha ukarudi nyumbani likizo ndefu na hutaihitaji tena kabla haijaisha, unaweza kuomba kurudishiwa miezi kamili iliyobaki.

#18 Kijana wa Chuo

Shida yangu ndiyo hii sasa. Laptopu yangu betri imekufa. Nikichomoa waya inazima hapo hapo. Na simu kioo kimepasuka nusu. Je, nikitumia pawabenki badala ya soketi?

#19 Fundi Lifti

Maneno ya kanuni ni betri zake zenyewe za ndani. Pawabenki iko nje. Mimi sikushauri ujitetee nayo mbele ya mtu.

Una njia tatu. Tazama vile visivyohitaji leseni, na ni vingi. Shuka sebule ya pamoja ukahakikishe kwanza ina leseni. Au badilisha betri. Mimi nimefanya hivyo kwa laptopu ya binti yangu, ilitoka bei ndogo sana kuliko leseni ya mwaka, na kazi yenyewe ni bisibisi na dakika ishirini. Nitumie ujumbe wa faragha aina ya laptopu, nitakuambia kama yako inafunguka kirahisi. Lifti na laptopu ni ndugu.

#20 Dada Nesi

Narudi na majibu. Wenzangu wa Bristol hakuna hata mmoja aliyekuwa na leseni, na wote walikuwa wakitazama. Kila mmoja alidhani mwenzake analipa. Tumenunua leo, jina la anayeishi pale muda wote. Walioanza upya mjue: ukichagua makato ya kila mwezi, leseni ya kwanza inakamilishwa ndani ya miezi 6, kwa hiyo makato ya mwezi yanakuwa kama mara mbili mwanzoni, baadaye yanashuka. Nusura tugombane tulipoona kiasi hicho, hadi tukasoma vizuri.

Kaka Fundi, na wewe uliamuaje Leeds? Bado unalipa mbili?

#21 Fundi Lifti

Hapana dada. Nililipa miezi michache kisha nikakaa na mke wangu tukapiga hesabu. Niko Leeds usiku tatu kwa wiki na nikirudi kazini nimechoka, natazama saa moja tu. Nikachomoa antena ukutani nikaikunja nikaiweka kabatini, nikaitoa iPlayer kwenye TV ile, nikaomba kurudishiwa miezi iliyobaki na nikatamka kwamba anwani ile haihitaji leseni. TV natumia kwa filamu za kuchagua. Mpira nautazama kwenye tableti, naichaji mchana nikiwa kazini. Kuna usiku mmoja ilizima dakika ya 80 na nikaiacha izime.

#22 Kijana wa Chuo

Wakuu, betri mpya imefika, Fundi amenielekeza kwa simu ya video skrubu moja baada ya nyingine. Inakaa saa tatu na nusu bila waya. Mechi nzima, mapumziko na uchambuzi, na bado imebaki asilimia 31. Asanteni.